Laina imechomoka mtaroni upande wa magharibi: niivute irudi au nikate?

Nyatike_Kazini

Habari za jioni wakubwa. Mimi ni msimamizi wa kazi kwenye mtambo mdogo wa kuchenjua dhahabu huku Nyatike, si mbali na Macalder. Tunanunua mchanga ambao wachimbaji wameshausaga na kuuosha, tunauloweka kwa sianidi kwenye matangi, na mabaki yanapelekwa bwawani. Bwawa hili ni jipya: mita 60 kwa 40 kwa juu, kina mita 4, kuta zimelala moja kwa mbili na nusu, yaani kila mita moja ya kupanda, mbili na nusu za kwenda pembeni. Laina, ile plastiki ya kutandika bwawani ili lisivuje, ni HDPE nyeusi ya milimita 1.5, roli za upana wa mita 7.

Tulitandika Jumanne iliyopita, vijana kumi na wawili na mimi. Upande wa magharibi tulifunga saa nane mchana, jua likiwaka kwelikweli, na tuliivuta laina ikakaa imenyooka kama ngozi ya ngoma. Mtaro wa kufungia tulichimba sentimita 30, tukarudisha udongo uleule mweusi tuliotoa, vijana wakaukanyaga kwa miguu. Ijumaa usiku ikaja mvua ya upepo kutoka ziwani. Asubuhi nimekuta kama mita 20 za laina zimetoka mtaroni na kuteremka hadi nusu ya ukuta. Imechanika mahali pawili, pamoja urefu wa mkono wangu mzima. Chini kuna maji ya mvua ya futi moja. Mabaki hayajaingia hata ndoo moja.

Tajiri anataka tulete eskaveta ishike ukingo wa laina kwa ndoo, iuvute hadi juu, tupange mawe makubwa, na Jumatatu tufungue pampu. Moyo wangu unakataa. Chini yetu kuna mto Kuja, na mama yangu mzazi anachota maji huko. Mimi nilifuatilia habari za Chambishi kule Zambia, Februari 2025, ukuta wa bwawa la mabaki ya shaba ulipovunjika, maji ya tindikali yakafika mto Kafue, na watu wa Kitwe wakafungiwa maji ya mfereji. Sitaki jina langu liandikwe kwenye jambo kama hilo.

Nauliza: inawezekana kuivuta irudi? Na kwa nini ilichomoka, maana nilidhani kuinyoosha vizuri ndiyo kazi safi. Nimebakiwa na nusu roli, kama mita 50.

Bwawa_Bondo

Pole ndugu. Mimi nina bwawa la samaki Bondo, laina ya milimita 0.5, mwaka wa tatu sasa. Nilipanga mawe pembeni tu na haijasogea. Labda tajiri wako hajakosea sana. Na mbona mnanunua nzito hivyo, bei yake si mara tatu?

FundiLaina_Kisumu

Omera Nyatike_Kazini, kwanza nakupa mkono kwa kusimamisha kazi na kuuliza. Eskaveta isiiguse hiyo laina. Nitaeleza, na nitaeleza kwa urefu, maana kosa ulilofanya nililifanya mimi pia na nilikuwa nimeshafanya kazi hii miaka minne.

Nachomelea laina tangu 2009. Nilianza Naivasha kwenye mabwawa ya mashamba ya maua, nikavuka kwenda upande wa Geita, sasa nyumbani ni Kisumu. Huko ng'ambo, kwenye mgodi ambao sitautaja, tulifunga ukuta mzima adhuhuri. Ulipendeza macho. Nililala kambini karibu na bwawa, na kama saa kumi alfajiri nikasikia udongo wa mtaroni unapasuka, ta, ta, ta, kama mahindi makavu yakipukuchuliwa. Nilitoka na tochi. Laina ilikuwa imekaza hadi chini, pale ukuta unapokutana na sakafu, imeachana na udongo na kuning'inia hewani. Ningetia mguu pale ningeichana. Hakukuwa na upepo wala mvua usiku huo. Ni baridi tu.

Plastiki hii inarefuka ikipata joto na kunywea ikipoa, kuliko watu wanavyodhani. Kila mita inabadilika kama sehemu mbili za elfu kumi kwa kila nyuzi moja. Inasikika kidogo. Sasa piga hesabu ya bwawa lako: laina nyeusi juani saa nane inafika nyuzi 70 hivi, alfajiri ni 20. Tofauti nyuzi 50. Kipande cha mita 60 kinataka kunywea sentimita 60. Wewe uliifunga ikiwa imerefuka kabisa, tena ukaivuta. Usiku ilipotaka zile sentimita zake, ilikuwa na njia mbili: ichanike au ing'oe mtaro. Mtaro wako ulikuwa wa sentimita 30 na udongo wa kukanyagwa, kwa hiyo ukang'oka. Nadhani kufikia Jumatano asubuhi ulishaanza kulegea, hamkuona tu.

Halafu upepo. Pima uzito wa laina yako: milimita 1.5 ni kilo 1.4 hivi kwa kila mita mraba. Huo ni uzito mdogo mno kwa kitu kilicholala juu ya mteremko. Upepo wa kilomita 20 tu kwa saa ukipita juu ya kichwa cha ukuta unatosha kuanza kuinyanyua, kwa sababu pale juu upepo unafyonza, hausukumi. Ukipata upenyo kwenye ukingo uliolegea, unaingia chini na laina inakuwa tanga la jahazi. Ndiyo maana hatuachi ukingo hata saa moja bila magunia ya mchanga. Magunia, si mawe. Jiwe lina meno, na likiviringika limekutobolea sakafu. Gunia lijazwe nusu au robo tatu, lifungwe kwa kamba ya plastiki isiyo na waya, liwekwe kila mita moja au mbili pembeni na kwenye mishono ambayo haijachomwa.

Kuhusu kuvuta kwa eskaveta. HDPE ikivutwa kupita kiasi haikatiki papo hapo, inakuwa nyembamba. Utaona mahali pamekuwa peupepeupe. Hapo nguvu yake imekwisha, ila inakaa kimya, na itapasuka siku bwawa limejaa tope na huwezi tena kufika chini. Tena imeshachanika mara mbili. Mpasuko ukivutwa unakimbia. Ukitaka kunisikiliza kwa jambo moja tu, nisikilize kwa hili.

Fanya hivi. Kata zile mita 20 zote, sehemu iliyolegea na iliyochanika, ufike kwenye laina nzima isiyo na mkwaruzo. Usiunge kipande cha kuongezea katikati ya mteremko. Mshono uliolala kwa upana wa ukuta unabeba uzito wote wa kilicho chini yake. Mishono ya ukuta lazima ipande na kushuka kufuata mteremko. Kwa hiyo chukua nusu roli yako, kata vipande vitatu vinavyotoka mtaroni, vinapita juu ya kichwa cha ukuta, vinashuka, na vinaingia sakafuni mita moja na nusu kabla ya kuungwa. Ukuta wako ukiupima kwa mshazari ni kama mita 10.8. Weka mita 1 ya kichwa, mita 1.2 ya kushuka mtaroni na kulala chini yake, na ile 1.5 ya sakafu. Kila kipande ni mita 14.5, vitatu ni 43.5. Mita zako 50 zinatosha, na upana wa vipande vitatu ukitoa sentimita 15 za kupishana kila mshono ni mita 20 na kidogo. Mungu amekupimia.

Mtaro uchimbe upya, na usiishie kwenye zile mita 20. Zunguka bwawa lote, maana hizo pande nyingine zinakusubiri. Usogee mita moja kutoka ukingoni, kina sentimita 60, upana 60 pia. Ile kona ya ndani, laina inapokunja kuingia mtaroni, ichongwe iwe mviringo, isiwe kali kama ngazi. Laina ishuke ukuta wa mtaro na ilale sakafuni mwake, isiishie kuning'inia. Udongo urudi kwa tabaka za sentimita 20, kila tabaka lishindiliwe kwa mchi au mashine ndogo kabla ya lingine. Sio kwa miguu ya vijana.

Sasa saa. Tandika muda wowote ambao hakuna mvua wala upepo mkali, lakini acha ulegevu. Mchana utaona mikunjo midogo, iache, alimradi isilale na kujikunja yenyewe. Kuchomelea subiri laina isiwe moto wa kuunguza kiganja. Kufunga mtaro ni alfajiri, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili, plastiki ikiwa imenywea hadi mwisho wake. Hapo ukiishindilia, haina pengine pa kwenda usiku.

Mishono: mashine ya kabari moto yenye njia mbili, ile inayoacha mfereji mwembamba wa hewa katikati. Kila asubuhi na kila mchana kabla ya kuanza, choma kipande cha majaribio, kikate vidole vya inchi moja, ukibandue na kukivuta. Plastiki ndiyo ikatike, mshono usiachane. Ukiachana hata kidole kimoja, rekebisha joto au mwendo, usiguse bwawa. Paunganishwapo pafutwe kwa kitambaa kikavu. Vumbi la murami na umande ni adui wawili ambao sijaona fundi akiwashinda kwa ubishi.

Kisha jaza hewa kwenye ule mfereji wa mshono, pauni 30, karibu sawa na tairi la gari dogo, uache dakika tano. Ikishuka zaidi ya pauni tatu, kuna tundu. Ila usiridhike na geji tu. Dakika tano zikiisha, nenda upande ule mwingine wa mshono utoboe. Sindano ya geji ikianguka, umepima mshono mzima. Isipoanguka, mfereji umeziba katikati na ulikuwa unapima nusu tu. Nimeona watu wazima wakisaini karatasi kwa mshono wa nusu.

Bwawa_Bondo, ndugu yangu, samaki wako wakivujiwa unapoteza maji. Huyu akivuja, yanayotoka ni sianidi na zebaki ambayo wachimbaji walishaitia kwenye mchanga ule kabla hajaununua. Laina ya 0.5 kwenye bwawa la mabaki sikubali hata ikiwa bure.

Udongo_Nakuru

Fundi amesema vizuri sana, naongeza upande wangu. Mimi hupima udongo, nipo Nakuru, na kabla ya hapo nilipima barabara mbili huko Nyanza Kusini.

Kaka, huo udongo mweusi ndio utakaokusumbua baada ya laina. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, masika unavimba. Ukiujaza mtaroni, utaibana laina kipindi cha mvua na kuiachia kipindi cha jua, mwaka hadi mwaka. Mtaro ujazwe murami iliyochekechwa, isiyo na kokoto. Na chini ya vile vipande vipya, palipolowa, usitandike juu ya tope. Ng'oa palipo laini, weka murami, shindilia, kisha okota kwa mkono kila jiwe kubwa kuliko kifundo cha kidole, kila mzizi, kila kipande cha waya. Kuokota kunachosha na hakuna anayekusifu. Fanya mwenyewe, usiwaachie vijana wanaolipwa kwa siku. Ukipata kitambaa kizito cha jiotekstaili cha kulaza chini, weka. Ila ujue laina laini juu ya kitambaa inateleza. Inashikilia kwenye mteremko wa kama nyuzi 10 tu, na ukuta wako umelala nyuzi 22. Maana yake kinachoizuia isishuke ni mtaro peke yake. Wakati ujao mwambie tajiri anunue ile yenye uso wa kukwaruza kwa upande wa kuta.

Swali langu: mvua ya Ijumaa ilipita juu ya laina tu, au ilipita na nyuma yake? Kichwa cha ukuta kimelalia upande gani?

Nyatike_Kazini

Dada Udongo, nimetoka kuangalia sasa hivi. Kichwa kimelalia ndani. Na kilima cha magharibi kinatuletea maji yote, hakuna mfereji wa kuyakata. Nyuma ya laina nimeingiza kijiti kikazama hadi kiwiko.

Halafu kuna kitu sikukisema. Katikati ya sakafu laina imevimba, imeinuka juu ya maji kama mgongo wa kiboko ziwani. Vijana wanasema ni hewa tu, tuitoboe.

FundiLaina_Kisumu

Hapo umenipa picha kamili. Msitoboe ovyo. Maji yaliyopita nyuma ya ukuta yamekusanyika chini ya sakafu, au maji ya ardhini yamepanda, na yamesukuma hewa ikakusanyika pale. Ukitoboa utashusha uvimbe na kubaki na tundu na maji bado yapo. Kwa kuwa upande wa magharibi umeshaufungua, toa maji ya juu kwa pampu kwanza, kunja laina kutoka magharibi, na upatazame chini kwa macho yako. Pakiwa na maji yanayotoka ardhini, chimba mferejichini wenye kokoto na bomba lenye matundu, ulioviringishwa kitambaa, umwage kwenye kisima kidogo nje ya ukuta. Kisima hicho ni jicho lako kwa miaka yote ya bwawa. Maji yakitoka humo, yapimwe. Siku yakibadilika, utajua laina imetoboka kabla mto haujajua.

Kichwa cha ukuta kilalie nje. Mfereji wa kukata maji ya kilima uchimbwe kabla ya kazi nyingine yoyote, kesho ikiwezekana.

Na nafasi tupu ya juu. Tope lisifike ukingoni hata tajiri akilia. Baia Mare kule Romania, tarehe 30 Januari 2000, mvua na theluji iliyoyeyuka vilijaza bwawa la sianidi hadi ukuta ukaacha njia. Mita za ujazo 100,000 zikaingia mtoni, zikaua samaki mto Tisza hadi Hungaria. Wewe acha mita moja nzima na upige mstari mweupe kwenye laina kuizunguka.

MamaWaKuja

Samahanini, mimi si fundi. Ninakaa chini ya daraja, ng'ombe wangu wanakunywa Kuja na sisi tunakunywa tukichemsha. Nimesoma yote na nimeshukuru kuona kuna watu wanaowaza juu yetu huku chini.

Nataka kusema kitu kuhusu ile plastiki. Jirani yangu alikuwa na bwawa la kunyunyizia mboga, la plastiki hiihii nyeusi. Mtoto wa miaka saba aliingia kufuata mpira. Bwawa halikuwa na kina kirefu. Alikuwa anajua kuogelea. Hakuweza kutoka kwa sababu kila akipanda anateleza, na tulipofika kucha zake zilikuwa zimeisha. Tafadhalini, wekeni ua, na muwe na kamba yenye mafundo inayoning'inia ndani kila upande, hata kama ni bwawa la sumu na mnadhani hakuna atakayeingia. Mbwa wanaingia. Mbuzi wanaingia. Watoto wanafuata mbuzi.

Nyatike_Kazini

Mama, pole sana. Kamba ziliwekwa kabla laina mpya haijatandikwa, kwa sababu hata vijana wangu walikuwa wanashuka bila kitu cha kushika. Tumezifunga za katani nane, na ua wa matundu madogo tajiri amekubali.

Nimechelewa kuandika kwa sababu tulikuwa kazini. Nilimpeleka tajiri magharibi alfajiri, nikamwonyesha pale laina ilipokuwa imekuwa nyeupe karibu na mpasuko, nikamwambia maneno ya jaduong' Fundi kuhusu kuwa nyembamba. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza vipande vitatu vitachukua siku ngapi. Pampu haikufunguliwa Jumatatu. Mhandisi aliyesajiliwa aliyetuchorea bwawa alikuja naye, akakubali mtaro mpya na mferejichini, akasema ataandika kwenye michoro ya kupeleka NEMA, mamlaka ya mazingira.

Tulipokunja sakafu tulikuta maji, ya baridi, yanatoka kona ya kaskazini magharibi. Ni chemchemi ndogo. Mzee mmoja wa hapa akatuambia zamani ng'ombe walikuwa wananyweshwa pale. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Bomba limeshalazwa.

Vipande vitatu vimechomwa. Mshono wa pili ulikataa: geji ilikaa palepale pauni 29, nikafurahi, nikaenda kutoboa upande wa pili kama ulivyoniambia, na sindano haikuanguka. Mfereji ulikuwa umeziba mita nne kutoka juu. Tumekata pale, tumepima kila upande peke yake, tumeweka kiraka chenye kona za mviringo kilichopita tundu sentimita 15 kila upande, na kukipima kwa sanduku la kunyonya na maji ya sabuni. Hakikutoa povu.

Mtaro wa magharibi tulianza kuushindilia leo saa kumi na mbili asubuhi, murami kutoka barabara ya Muhuru, tabaka tatu. Laina ilikuwa baridi mkononi.

FundiLaina_Kisumu

Piga alama ya rangi nyeupe kwenye laina pale inapoingia mtaroni, kila mita tano, na kigingi kwenye udongo mkabala wake. Pima kesho kabla jua halijachomoza. Ikisogea zaidi ya sentimita moja niandikie, nitakuja Jumapili kwa gari la asubuhi.

Nyatike_Kazini

Nimepima saa kumi na moja na nusu. Magharibi alama zote ziko mkabala na vigingi. Kusini, ambako bado ni mtaro wa zamani, moja imesogea sentimita mbili na nusu. Tunafungua kusini leo.